Figo ya Mbuzi Katoliki



Kabla hujaendelea, fungua Biblia, hata ya kwenye simu inatosha, usome Matendo ya Mitume sura ya 10, aya ya 1 hadi ya 33. Ni ile habari ya Petro na lile shuka lililojaa wanyama. Nitarudi huko, ila kwanza nina jambo la nyumbani la kuwasimulia, na ndani yake kuna ungamo.

Tarehe 14 Oktoba mwaka jana nilikuwa nyumbani Butiama. Siku hiyo kwetu huwa ina pilikapilika, kwa sababu ni kumbukizi ya Mwalimu Nyerere, na wageni wanapita kwenda Mwitongo kwenye kaburi lake. Kwa ukoo wetu ni siku ya kukutana pia. Ni sikukuu ya taifa, hakuna kazi, basi waliotawanyika Musoma, Bunda na Mwanza wanarudi. Mimi nipo mwaka wa uchungaji katika parokia ambayo si mbali sana, na paroko wangu aliniruhusu niende.

Safari hii kikao kilikuwa na ajenda moja tu, nayo ni baba mdogo.

Figo zake zote mbili zimechoka. Mara tatu kwa wiki analazwa kwenye mashine Mwanza, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Saa nne hivi kila mara. Huwezi kufanya hivyo ukitokea Butiama, kwa hiyo amepanga chumba huko na shamba lake limebaki mikononi mwa watoto. Ukimuuliza kinachomtesa zaidi, hasemi sindano. Anasema maji. Figo zikishindwa kutoa maji mwilini, daktari anakupimia ya kunywa, kikombe kwa kikombe. Mtu anakaa chumba ambacho ukifungua dirisha unaliona Ziwa Victoria lote, halafu analamba midomo.

Madaktari walishamweleza kwamba njia iliyo bora kwake ni kupandikizwa figo. Zamani hilo lilimaanisha India. Sasa hapana: Muhimbili walianza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata 2018. Lakini hospitali haina ghala la figo. Hapa kwetu, figo hutoka kwa ndugu aliye hai, aliyepimwa, akakubali mwenyewe.

Baba mkubwa alieleza hayo yote vizuri, kisha akasema, "Sasa ndugu zangu, tusemeje?" Kimya. Kuku walikuwa wanaongea kuliko sisi.

Ndipo binamu yangu mmoja akatoa simu. "Jamani, hamjasikia? Marekani watu wanawekewa figo za nguruwe!"

Ee bwana, kikao kikapata uhai. Hapa lazima uijue Mara kidogo. Ukoo wetu nusu ni Wakatoliki na nusu ni Wasabato, na baba mdogo ni Msabato wa kweli kweli, wala si wa jina. Nguruwe hali, hamfugi, na sufuria lililopikiwa kitimoto halikanyagi nyumbani kwake. Nanyi mnajua sisi Wakatoliki tulivyo na huyo mnyama, hadi mtaani wamembatiza jina: mbuzi katoliki. Basi utani ukaanza. Mmoja akauliza, "Ukiwekewa figo ya mbuzi katoliki, utasali Jumamosi au Jumapili?" Baba mdogo mwenyewe alicheka hadi akakohoa. Bibi hakucheka. Bibi aliuliza kwa dhati kabisa kama mtu huyo bado atakuwa mtu, na kama akifa tutamzika wapi. Shemeji mmoja akaleta Injili ya Marko sura ya 5, yale mapepo yaliyoingia kwenye nguruwe, akasema asije mtu akajiwekea Legioni tumboni.

Kisha wote wakanigeukia. "Frateri, wewe umesoma falsafa. Tuambie."

Nikawaambia. Na niliongea vizuri, nakiri. Ngoja niwape na ninyi kwa ufupi, maana swali lenyewe ni halali na wengi mmeniuliza.

Kwanza, habari yenyewe ni ya kweli. Januari 2022, kule Baltimore, mtu mmoja aitwaye David Bennett alipandikizwa moyo wa nguruwe, akaishi nao miezi miwili. Machi 2024, kule Boston, Richard Slayman alipandikizwa figo ya nguruwe, akarudi nyumbani bila mashine, akafariki Mei. Hospitali ilisema haikuona dalili kwamba figo ile ndiyo iliyomuua. Baadaye kuna waliokaa nazo muda mrefu zaidi: mama mmoja siku 130, mwanamume mmoja siku 271, kisha zikaondolewa, wakarudi kwenye mashine. Hapo ndipo tulipo. Kwa sasa figo ya nguruwe ni matumaini yenye tarehe ya mwisho.

Kwa nini nguruwe, wakati sokwe ndiye anayefanana nasi zaidi? Viungo vya nguruwe vinakaribia ukubwa wa vyetu, anazaa wengi, anakua haraka. Tatizo ni kwamba chembe zake zina sukari fulani juu yake ambazo mwili wa mtu unazitambua mara moja kuwa ni adui, na figo inaweza kuharibika ndani ya dakika au saa chache. Kwa hiyo wanasayansi wanaingia kwenye vinasaba vya nguruwe kabla hajazaliwa. Moyo wa Bennett ulitoka kwa nguruwe aliyebadilishwa mahali 10: jeni 4 za nguruwe zimezimwa, jeni 6 za binadamu zimeongezwa. Figo ya Slayman ilikuwa na mabadiliko 69, na mengi ya hayo yalikuwa ya kuzima virusi vya kale vilivyojificha ndani ya vinasaba vya nguruwe wenyewe.

Je, jeni 6 za binadamu zinamfanya nguruwe awe nusu mtu? Hapana. Jeni ni kama neno katika sentensi. Ukiazima maneno 6 ya Kiswahili ukayatia katika Kijerumani, hujawa Mswahili. Na upande wa pili, je, figo ya nguruwe inamfanya mtu awe nusu nguruwe? Hapa niliwapeleka Mwigobero, pale Musoma mitumbwi inapotia nanga. Mvuvi anabadilisha ubao uliooza, mwaka ujao mwingine, na hakuna anayemwambia kwamba huu si mtumbwi wa marehemu baba yako. Mfano huu ni wa zamani sana, Wagiriki walikuwa nao kuhusu merikebu ya Theseus. Lakini Kanisa lina jibu linaloshinda lile la mtumbwi. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho ndiyo inayoufanya mwili wa mtu kuwa mwili wa mtu. Mtumbwi hauna kitu hicho, ni mbao na misumari. Mimi nina roho moja, na hiyo ndiyo inayofanya mkono huu na figo hii viwe vyangu. Baba mdogo akipandikizwa kitu chochote, atakayeamka kitandani ni baba mdogo, mtoto wa Mungu, na deni lake la elfu ishirini kwangu linabaki palepale.

Bibi alicheka hapo.

Nikaendelea. Papa Pius XII, mwezi Mei 1956, akiongea na watu wa kuchangia konea za macho, alisema kutumia kiungo cha mnyama kwa mtu si dhambi kwa chenyewe. Inategemea ni kiungo gani. Tezi za uzazi za mnyama alizikataa. Yohane Paulo II alirudia jambo hilo Agosti 2000 mbele ya madaktari wa upandikizaji waliokutana Roma, akaweka masharti mawili: kiungo kisiguse utambulisho wa nafsi ya mtu au wa vinasaba vyake, na mgonjwa asiingizwe kwenye hatari iliyopita kiasi. Mwaka uliofuata Taasisi ya Kipapa ya Uhai ikatoa hati nzima kuhusu viungo vya wanyama, ikaruhusu kwa tahadhari, na ikakumbusha hatari ya magonjwa ya mnyama kuvuka na kuja kwa watu. Hofu hiyo si ya hadithi. Katika moyo aliowekewa Bennett walikuta baadaye virusi vya nguruwe.

Na nguruwe mwenyewe? Katekisimu (namba 2417 na 2418) inasema tunaweza kuwatumia wanyama kwa ajili ya kuokoa uhai wa watu, ila si kuwatesa bila sababu. Nilipokuwa seminari ndogo zamu yangu ilikuwa kulisha nguruwe wa mradi, na nawaambia, yule mnyama ana akili; alijua hatua zangu na za mwenzangu. Hawa wa maabara wanalelewa ndani ya majengo yaliyofungwa, sakafu inaoshwa, hawaoni tope maisha yao yote. Nguruwe asiyejua tope! Naona inaruhusiwa. Sioni kama ni jambo la kuchekelea.

Kuhusu Legioni, nilimwambia shemeji asome hadi mwisho. Mapepo yalitoka kwa mtu kwenda kwa nguruwe, hayakutoka kwa nguruwe. Na watu wa mji ule walimkuta mwenzao aliyekuwa analala makaburini amekaa, amevaa, ana akili timamu, halafu wakamwomba Yesu aondoke.

Nilimaliza. Wakapiga makofi kidogo, kama mnavyojua watu wanavyomtia moyo frateri. Saa zilikuwa zimepita mbili. Ndipo shangazi yangu, aliyekuwa anachambua mchele pembeni na hakuwa amesema neno, akauliza bila kuinua macho:

"Umesema vizuri, baba. Sasa wewe damu yako ni kundi gani?"

Nikajibu, "Sikumbuki, shangazi."

Nilikuwa nakumbuka. Ni O. Nimelijua tangu kidato cha sita walipokuja watu wa damu salama shuleni. Na mtu wa O, kwa upande wa kundi la damu, anaweza kumpa figo yeyote.

Shangazi akaendelea na mchele. Baba mkubwa akasema muda umekwenda, tutakutana tena Krismasi. Tukasali Baba Yetu, Wakatoliki na Wasabato pamoja, tukatawanyika.

Usiku ule sikulala. Na sasa ndiyo tunarudi kwa Petro.

Petro yuko Yafa juu ya dari, njaa imemshika, anaona shuka linashuka kutoka mbinguni na wanyama wa kila aina, na sauti inamwambia achinje ale. Anakataa. Hajawahi kula kitu najisi. Mara tatu. Sisi Wakatoliki tunapenda kuitumia sura hii kuwajibu majirani zetu Wasabato kuhusu kitimoto, na tunaishia kwenye aya ya 16, tumeshinda, tunaenda kuagiza. Lakini ukiishia pale hujafika kwenye habari yenyewe. Aya ya 17: Petro bado anajiuliza maana ya maono, na wakati huohuo watu waliotumwa na Kornelio wamesimama mlangoni wanaulizia nyumba. Aya ya 19 na 20: Roho anamwambia kuna watu wanamtafuta, ainuke, ashuke, aende nao. Na aya ya 28 Petro mwenyewe anaeleza alichoelewa: Mungu amemwonyesha asimwite mtu yeyote najisi. Mtu. Shuka lote lile, wanyama wote wale, lilikuwa linamhusu mtu aliyekuwa mlangoni.

Sisi tulikaa juu ya dari saa mbili tunajadili shuka. Tulichambua kwato, tulichambua jeni, mimi nilileta hadi Mtaguso wa Vienne. Na mtu alikuwa mlangoni. Wala si mlangoni, alikuwa amekaa katikati yetu kwenye kiti cha plastiki, na kikombe chake cha maji nusu.

Nataka kuwa mkweli kuhusu kilichonitokea ndani, kwa sababu nadhani kinawatokea na wengine. Nilikuwa nafuatilia habari za nguruwe hawa tangu Machi 2024. Nilijiambia ni udadisi wa mwanafalsafa. Sivyo. Baba mdogo alikuwa ameanza mashine, na mimi nilikuwa nasubiri nguruwe afike kabla ya zamu yangu. Kila siku mgonjwa wa Marekani aliyoongeza na figo ile ilikuwa siku ambayo mimi sihitaji kuulizwa. Ilipotangazwa kwamba figo ya siku 271 nayo imeondolewa, nilisikitika kweli, na nilipoangalia vizuri nikaona sehemu kubwa ya masikitiko ilikuwa ya kujihurumia.

Msinielewe vibaya. Sisemi figo ya nguruwe ni ukwepaji. Siku ikifika, ikiwa salama, ikiwa mtu wa Bunda anaweza kuipata kama anavyoipata mtu wa Boston (na hilo la mwisho ndilo lenye mashaka), nitaimba Te Deum. Tunaihitaji. Mmesikia habari za Kenya: mwaka 2025 serikali iliunda kamati kuchunguza upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret, baada ya waandishi wa habari kueleza vijana wanaouza figo zao. Vijana wa umri wenu. Viungo vikiwa haba, mwenye fedha humtafuta mwenye shida. Yohane Paulo II alisema wazi kwamba kiungo cha mtu si bidhaa. Kuuza na kununua kunamfanya mwili wa mtu kuwa kitu. Kama nguruwe atamwokoa kijana wa Eldoret asilazwe kwenye meza ile kwa sababu ya deni la bodaboda, basi Mungu aibariki kazi ya hao wanasayansi.

Ila kuna jambo moja nguruwe hawezi. Magazeti yanamwita mchangiaji. Hajachangia. Hakuulizwa, hakuogopa, hakulala macho usiku akipima figo mbili na maisha yaliyobaki. Amechukuliwa. Ni halali kumchukua, lakini kuchangia ni kitendo cha mtu, anayeweza kusema hapana. Ndiyo maana Katekisimu (2296) inaposifu utoaji wa viungo inasisitiza ridhaa ya mtoaji, na inataka hatari anayoichukua ilingane na faida ya anayepokea. Pasipo na uwezekano wa kusema hapana, hakuna zawadi. Na kwa hiyo, kijana unayesoma hapa ambaye kwenu kuna mgonjwa na wewe umesema hapana baada ya kufikiri na kusali, sikuhukumu, na mtu yeyote asikubebeshe jina la mchoyo. Mimi sikusema hapana. Mimi nilisema sikumbuki.

Asubuhi yake nilimsindikiza baba mdogo kituoni. Alikuwa anawahi mashine. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la mama muuza chai, yeye hakuchukua chai, mimi nikaona aibu kuchukua. Nikamwambia, "Baba mdogo, jana nilidanganya. Mimi ni O."

Akasema, "Najua."

"Unajuaje?"

"Siku ulipotoa damu shuleni ulizimia. Baba yako alikuwa safarini, nikaja mimi kukuchukua. Kadi uliishika mkononi njia nzima kama cheti cha ubatizo."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni yeye. Alikuwa amekaa katika kikao kile, akanisikia nikidanganya mbele ya ukoo mzima, na hakunisahihisha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema figo haiombwi kwenye kikao. Akasema angeninyanyua mimi pale, ningesema ndiyo kwa sababu ya macho ya watu, na yeye hataki kutembea na kitu cha mtu aliyeaibishwa.

Kisha, kwa vile basi lilikuwa halijafika, akanirudisha kwenye nguruwe. Nikamweleza jambo ambalo sikulisema kikaoni. Ile dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya mashine, heparini, sehemu kubwa inayotumika duniani hutengenezwa kutoka utumbo wa nguruwe. Yake nayo huenda ni hiyo. Nikamwambia asiache chochote, aulize daktari, aongee na mchungaji wake. Alikaa kimya, akaangalia mkono wake ulipochomwa. "Kwa hiyo mbuzi katoliki ananibeba mara tatu kwa wiki na sijawahi kumshukuru." Nikamwambia tena kwamba hospitali iliyojaribu kumwekea mtoto mchanga moyo wa nyani mwaka 1984, Loma Linda kule California, ni hospitali ya Wasabato, na mtoto yule aliishi wiki tatu hivi. Hilo alilipenda. Alisema atalipeleka Sabato ijayo kwenye lesoni.

Basi likaja. Kabla ya kupanda alisema jambo moja tu kuhusu figo: kwamba nikienda kupima nisiende kwa ajili ya kulipia uongo, kwa sababu uongo amekwisha kuusamehe na haulipiwi kwa nyama.

Nimekaa na maneno hayo miezi kadhaa. Nimeungama, sawasawa na Kanisa linavyotaka. Nimeongea na mama yangu, alilia, kisha akaniuliza maswali ya maana kuliko niliyoulizwa na mtu yeyote: ukibaki na moja na hiyo ikaumia? Kama ukipewa parokia ya mbali isiyo na hospitali? Nimemwandikia Gombera wangu. Amenijibu kwamba ana wasiwasi kama mzazi, kwamba hakuna sheria ya Kanisa inayonizuia, na kwamba uamuzi hautatoka kwake wala kwa ukoo. Nimesoma pia kuhusu watu wanaoishi na figo moja. Wengi wanaishi vizuri, ndiyo maana wanapimwa sana kabla, lakini upasuaji ni upasuaji, na mimi ndiye yule aliyezimia kwa chupa moja ya damu.

Jumatatu alfajiri napanda basi kwenda Dodoma kwa vipimo. Binamu yule wa simu amesema tutakwenda wote, naye apimwe. Alinipigia mwenyewe usiku, sikumwomba. Kundi la damu ni mlango wa kwanza tu, kuna kulinganisha tishu, kuna presha, kuna moyo, na daktari anaweza kuniambia kwamba sifai, na hapo tutaanza upya. Shangazi ametuma nusu ya nauli. Ujumbe wake ulikuwa na neno moja, "O."

Naombeni sala zenu, hasa Jumatano, siku ya vipimo vyenyewe. Mwombeeni pia baba mdogo, ambaye Jumatano ileile atakuwa kwenye mashine, na mama, na daktari wetu. Mwenye nafasi asali fumbo moja la Rozari, asiye na nafasi aseme Salamu Maria moja akiwa kwenye daladala.

Frateri wenu.